Chumvi Isiyoitwa Chumvi

Binti anayehariri jarida la jumuiya yetu aliponiomba niandike haya, alinisihi nisijisifu sana. Nimemwambia sitaweza. Miaka ishirini na miwili nimefanya kazi katika kliniki ya tiba ya Kikorea pale Beltsville, nimeingia na fagio na nimetoka na heshima, na nisipojisifu mwenyewe atanisifu nani? Mke wangu amekwisha kuchoka. Kwa hiyo ninyi vijana mnaosomea uuguzi, na ninyi mnaolea wazee majumbani kwa watu, na hata nyie mnaosemeshwa Kiswahili mkajibu Kiingereza, vuteni viti mkae.

Jina langu Bakari, mtu wa Korogwe, nakaa Laurel. Kliniki yenyewe ilikuwa ndogo, imebanwa kati ya saluni ya kucha na duka la kufulia nguo. Vyumba vitatu vya sindano, kimoja cha dawa, na meza ya mapokezi. Mwenyewe ni Daktari Han, mama mfupi mwenye miwani minene, anayevaa soksi za sufu hata mwezi wa saba. Aliniajiri nifagie. Wiki ya pili msaidizi wake wa chumba cha dawa aliacha kazi, Daktari akaniuliza kama nimewahi kuchemsha mizizi. Nikamwambia bibi yangu alikuwa mganga wa mitishamba, nami ndiye niliyekuwa nikimchochelea moto. Uongo mtupu. Bibi yangu aliuza vitumbua. Lakini kazi niliipata.

Enzi hizo tulichemsha kwa vyungu vya udongo, moto mdogo, saa mbili nzima, na mtu haondoki. Mimi niliondoka. Siku moja niliteleka chungu, nikaenda kuswali alasiri nyuma ya makabati, na baada ya kutoa salamu nikajiegesha kidogo palepale kwenye mswala. Niliamshwa na harufu. Daktari Han hakunifokea. Alikwangua kile kilichobaki chini ya chungu, akakitia maji ya moto kikombeni, akanipa kwa mikono miwili. Nami nikapokea kwa mikono miwili, maana hata kwetu cha mkubwa hupokelewa hivyo. Akasimama akinitazama mpaka nikamaliza. Tangu siku ile sijaunguza hata jani.

Baadaye ikaja mashine inayochemsha, inayokamua na kufunga dawa kwenye vifuko, kimoja asubuhi kimoja jioni. Siku hizi wengi wanatumia unga ulioletwa tayari. Sibishi, ni safi na ni haraka. Ila chungu kilinifundisha pua. Mkinifunga macho leo nitawaambia haya ni maganda makavu ya chenza, hii ni tangawizi, huu ni ule mzizi wa kizunguzungu ambao Wakorea wanauita cheonma, una harufu kama ya banda la farasi. Daktari alikuwa akinipima hivyo mbele ya wageni wake, na mimi nilikuwa nikivimba kichwa waziwazi.

Kuna jani lao moja kavu wanalolichoma karibu na ngozi ili joto lipenye. Harufu yake, Mungu anisamehe, ni bangi tupu. Mwaka wangu wa kwanza wale wa saluni ya kucha waliita zimamoto. Likaja gari refu jekundu na mabwana wanne wenye kofia, wakamkuta mchungaji mmoja wa Kitanzania amelala chali, tumbo wazi, moshi unafuka juu ya kitovu. Mchungaji alishika uso kwa mikono miwili akisema, "Bakari, waambie ni dawa! Waambie!" Niliwaambia, wakaangalia, wakacheka, na mmoja akachukua kadi yetu kwa ajili ya mgongo wake. Tangu hapo kila kabla ya kuwasha nilikuwa napita kwa majirani kuwaarifu.

Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wakorea. Lakini mwenzenu mmoja akipona mguu pale kanisani au msikitini, wiki inayofuata wanakuja sita. Wakaanza kuja Watanzania, Wakenya, na akina mama wa Kongo. Wengi Kiingereza wanakijua vizuri kunishinda mimi, lakini Daktari alikuwa na kanuni yake: ugonjwa aliutaka usemwe kwa lugha ambayo mtu huitumia akijigonga kidole cha mguu. Basi nikawa mkalimani. Na hapo ndipo nilipofanya makosa makubwa kuliko ya chungu.

Mnawajua watu wetu. Ukimuuliza mtu habari, ni nzuri. Yuko hoi, ni nzuri. Daktari anauliza, "Anaendeleaje?" Mama wa watu anajibu, "Nzuri tu, namshukuru Mungu," nami nafasiri kama nilivyosikia, naye Daktari anaandika: nafuu. Mama mmoja wa Morogoro alikuja mara nne na nzuri yake. Mara ya tano akasema nzuri, akanitapikia viatu. Daktari alitazama viatu, akatazama daftari lake lenye nafuu nne mfululizo, kisha akanitazama mimi. "Bwana Bakari," akasema, "watu wako wanapona mdomoni kwanza."

Tukabadili utaratibu. Nilimpokea mgonjwa, tukamaliza salamu zote, za nyumbani, za kazi, za watoto, na chai juu. Halafu nikasema, "Haya, salamu zimekwisha. Sasa tuanze upya: umeamkaje?" Hapo ndipo ugonjwa ulipotoka. Shikeni hilo, ninyi mnaosomea uuguzi. Swali la kwanza kwetu ni la adabu. La pili ndilo la hospitali.

Na kwa utaratibu huohuo niliwahi kumkamata mzee mmoja wa Dodoma aliyekuja na kizunguzungu kilichomwanza asubuhi ileile. Tulipokuwa kwenye salamu nikasikia Kiswahili chake kizito, maneno yanaburuta, na mkono wake wa kulia haukushika kikombe. Daktari asingelisikia hilo, maana kwake Kiswahili chote ni kimoja. Nilipomwambia, hakugusa hata sindano. Alisema, "Piga simu ya gari la wagonjwa. Sasa hivi." Ilikuwa damu imeziba kichwani. Mzee yuko hai, anachechemea, na kila Idi ananitumia salamu. Tiba ninayojivunia kuliko zote ni hiyo tuliyokataa kuitoa.

Sasa niwaambie habari za Nafula.

Nafula ni Mkenya wa Bungoma, mama wa mtoto mmoja, anakaa Germantown. Kazi yake ilikuwa kumtunza bibi mmoja wa Kikorea huko Laurel, Bibi Oh, mjane wa miaka themanini na kitu ambaye miguu ilikuwa imemkatalia. Walielewana kwa vidole na vicheko. Asubuhi moja Nafula alikuwa anamtoa kitandani kumweka kwenye kiti cha magurudumu, chumba kikaanza kuzunguka, wakaenda chini wote wawili. Bibi Oh aliangukia mito, hakuumia. Alicheka. Nafula hakucheka.

Madaktari wa masikio walimpima wakamweleza: maji ya ndani ya sikio la kushoto yanazidi kipimo chake, ndiyo maana sikio linajaa, linavuma, halafu dunia inageuka. Wakampa dawa za kupunguza maji na kumwambia apunguze chumvi. Wakala aliyemwajiri akamwondoa kwenye kazi za kunyanyua watu, akabaki kumpikia Bibi mchana na kukunja nguo kwa saa chache tu, akaambiwa asipotengemaa mpaka mwisho wa masika, Bibi Oh atapewa mtu mwingine moja kwa moja. Bibi Oh mwenyewe ndiye aliyemwandikia jina la kliniki yetu juu ya bahasha.

Siku ya kwanza aliingia ameshika ukuta. Akasema nzuri. Nikampa chai, nikamaliza salamu, nikaanza upya.

"Aki Mzee," akasema, "sikio imejaa ni kama niko ndani ya maji. Inaniimbia usiku na mchana. Halafu nyumba inaanza kuzunguka, nashika chenye kiko karibu. Kuendesha gari niliwacha, naogopa nitaua mtu."

"Na hofu yako kubwa ni nini?" Daktari aliuliza kupitia kwangu. Alimuuliza kila mtu hivyo.

Nafula akajibu, akimwita Bibi Oh shosho, neno lao la bibi. "Shosho amenizoea. Wakimleta mtu mwingine hatakula, namjua. Na mimi nikianguka naye tena, sitajisamehe."

Daktari Han alishika mkono wake kwa vidole vitatu, kushoto, kulia, muda mrefu. Akatazama ulimi. Akaomba orodha ya dawa zote za hospitali, akawapigia simu huko kabla hajaandika mzizi hata mmoja. Mimi nilikuwa tayari nimevuta droo ya mzizi wa susu, ule mtamu, kwa sababu unaingia karibu kila dawa yetu. Akanipiga kofi la mkono. "Huyu hapana. Unazuia maji mwilini, na anatumia dawa ya kuyatoa." Miaka yote ile kazini na bado nikapigwa kofi la mkono! Lakini sikusahau.

Tukaanza. Sindano mara mbili kwa wiki: nyuma ya sikio, mkononi vidole vitatu juu ya kifundo cha mkono pale panapotuliza kichefuchefu, na chini ya goti. Vifuko vya dawa asubuhi na jioni. Dawa za hospitali zilibaki palepale, Daktari hakuruhusu mtu aguse hizo. Kahawa ikasimamishwa. Na daftari: kizunguzungu kimeanza saa ngapi, kimechukua muda gani, umelala vipi, umekula chumvi? Pia nikabandika utepe wa njano sakafuni, kutoka meza yangu mpaka mlangoni, na kila akija anatembea juu yake mguu mbele ya mguu, mimi nikiwa pembeni na mikono wazi kama golikipa.

Wiki ya tano ilipita, hali ileile. Kizunguzungu kinamjia mara tatu kwa wiki, mara nne. Kwenye utepe alikuwa akienda hatua sita, anayumba. Nilisoma daftari lake kila mara: chumvi, hapana. Chumvi, hapana. Chumvi, hapana. Nikafasiri: hapana. Daktari akabadili mizizi, akabadili sindano, akaanza kulala vibaya yeye mwenyewe. Masika yalikuwa yanakwenda. Siku moja Nafula alikaa kwenye kiti cha mapokezi na koti lake mapajani, akalia bila sauti, nami nikamsogezea kikombe cha chai.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea vifuko Germantown, kwa kuwa hakuwa anaendesha. Mwanawe Brayo alinifungulia mlango akamwita mama yake kwa Kiingereza, kwamba yule mzee wa majani amefika. Nikataka kuacha mzigo niondoke. Haiwezekani, mnajua. Kukawa na ugali, sukuma wiki, na kuku wa mchuzi.

Nikamega, nikachovya, nikatia mdomoni. Mchuzi ulikuwa umekolea chumvi barabara.

"Nafula," nikasema, "si umeacha chumvi?"

"Kabisa! Hii nyumba haina chumvi, kuja uone."

Akanipeleka jikoni, akafungua kabati. Kweli, chumvi hakuna. Pale ilipokuwa ikikaa kulikuwa na kopo kubwa la mchuzi mix, ule unga wa kukolezea mchuzi, na kando yake boksi la vile vipande vya mraba vya kutia kwenye supu.

"Na hivi?"

"Hiyo si chumvi, Mzee. Hiyo ni mchuzi mix tu. Nilipotoa chumvi chakula ikakosa taste, Brayo akakataa kula, so nikaongeza hiyo kidogo."

Nikavaa miwani nikasoma ubavuni mwa kopo. Neno la kwanza kabisa lilikuwa chumvi. Nikamwonyesha kwa kidole. Akalisoma, akaketi kwenye ngazi ndogo ya jikoni, akasema, "Woi."

Nilitaka kucheka, lakini kicheko kiliniganda. Jikoni kwangu kuna boksi hilohilo, chapa ileile. Mke wangu analitumia, mimi nalisifia. Na kwa miaka mingi nilikuwa nikiwaambia watu wetu "usile chumvi," wananiitikia, nami naweka alama. Hawakudanganya. Kwetu chumvi ni ile nyeupe inayokaa peke yake kwenye kopo. Mimi ndiye niliyekuwa naijua lugha na jiko, na mimi ndiye ambaye sikuuliza. Nilirudi Laurel nimeshusha vioo vya gari na uso unanichoma kwa aibu.

Jumatatu nilimweleza Daktari Han nikiwa nimesimama, mikono mbele. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akavua miwani akajipangusa macho. Akasema Wakorea wake nao wote wameacha chumvi, na kila asubuhi wanakunywa bakuli la supu ya maharage yaliyochachushwa, ambayo ni chumvi yenye maharage ndani. Hao amewazoea, hawaulizi chumvi, anawauliza supu. Ila sisi hakujua atuulize nini.

Ghafla akaacha kucheka. "Bwana Bakari. Mchana, kule Laurel, Nafula anakula nini?"

Tukampigia simu. Alikuwa anakula kwa Bibi Oh. Supu hiyohiyo, na kabichi ya kuchachushwa ya rundo, kila siku, kwa sababu Bibi anamjazia bakuli kwa mkono wake mwenyewe. "Na wewe Mzee," Nafula akaniuliza, "ungekataa chakula ya shosho?" Nisingekataa.

Daktari alimpigia Bibi Oh mwenyewe, kwa Kikorea, sauti ya heshima, na nilimwona akiinamisha kichwa mbele ya simu kana kwamba Bibi yuko mle ndani. Kwanza Bibi alikasirika, aliona chakula chake kinatukanwa. Alipoelewa ni sikio la Nafula, alianza kuisuuza kabichi yake maji mawili kabla ya kumpa, na supu akamwekea ya mwani isiyo na chumvi. Basi hivyo ndivyo ilivyokuwa: mimi nilikamata mchuzi wa kwetu, yeye akakamata supu ya kwao.

Wiki ileile niliandika daftari jipya kwa Kiswahili, kwa mkono wangu. Neno chumvi halimo. Linauliza: leo mchuzi umeungwa kwa nini? Umekula nini kazini, na nani alikupakulia? Umetafuna nini ndani ya gari? Lilitumiwa na Mtanzania, na Mkenya, na mama wa Kongo aliyenicheka jinsi ninavyoandika. Liko pale kliniki mpaka leo, limetolewa nakala mpaka maandishi yamefifia. Vyeti vyangu nyumbani ni viwili, cha ndoa na cha udereva. Hilo daftari nalihesabu cheti cha tatu.

Nafula akabadilika polepole. Mara nne kwa wiki zikawa mara moja. Kisha mwezi ukapita na kizunguzungu kimoja tu. Sitawadanganya kwamba ni mizizi, wala kwamba ni sindano, wala vidonge vya hospitali, wala kopo lililotupwa. Daktari mwenyewe hakuwahi kusema ni kipi. Sikio lake la kushoto halisikii kama zamani na bado linavuma, na hilo Daktari alimwambia mapema kuwa hamwahidi. Lakini kwenye utepe alifika hatua kumi na mbili, ishirini, akagusa mlango, akageuka akarudi. Mwisho wa masika wakala akatuma mtu wa kumpima. Akarudishiwa kazi yake yote, na kwa Bibi Oh ikafungwa mashine ya kumnyanyulia kitandani, jambo ambalo lilipaswa kuwepo tangu awali, lakini hiyo si kliniki yangu.

Siku yangu ya mwisho kazini ilikuwa Ijumaa. Nilikuwa nafuta droo za dawa, najifanya nina shughuli, mlango ukafunguliwa. Bibi Oh ameketi kwenye kiti cha magurudumu, kajipaka rangi ya mdomo, mapajani kashika hotipoti kwa mikono miwili. Nyuma yake Nafula, na sare ya kazi. Akaviweka vile visigino vyake juu ya utepe wa njano, akasukuma. Akaja moja kwa moja, bila kushika ukuta, bila kuangalia chini, mpaka kiti kikagusa meza yangu. Sikusimama pembeni na mikono wazi. Nilikaa nikamtazama.

Ndani ya hotipoti kulikuwa na pilau. Bizari, tangawizi, vitunguu vilivyokaangwa mpaka vikawa vyeusi, ndimu juu. Mchuzi mix hakuna. Daktari akauliza, "Habari gani, Nafula?" na Nafula, bila kungoja swali la pili, akajibu, "Sikio inavuma kama kawaida. Jumanne ilinishika dakika kumi, nikakaa chini nikangoja ikapita. Jana nimelala vizuri." Nikafasiri yote, nikaenda kuchukua sahani.

Tulikula. Wanangu, nitasema kweli: pilau ile ilikuwa chapwa mdomoni, haina ladha kama ninayoijua. Nikaongeza sahani ya pili.

Walipoondoka, Daktari Han alitoka nyuma ya meza, akanikalisha kwenye kiti cha wagonjwa. Akanimiminia chai. Akaniuliza habari za nyumbani, za mke wangu, za magoti, nami nikajibu nzuri, nzuri, nzuri. Kisha akaweka vidole vitatu juu ya mkono wangu, akasema kwa Kiswahili alichojifunza kwangu kwa miaka ishirini na miwili, "Haya, salamu zimekwisha. Sasa tuanze upya."

Nikamwambia magoti yananiuma, na kwamba sitaki kwenda nyumbani.